Mkanda wa Kiti cha Faida

Riziki, mwanangu,

Ya blanketi, ya sabuni, ya baridi ya Lemera na ya namna ya kukaa vizuri na watu wa milimani, mama yako amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyarudia mpaka ukaanza kucheka. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na bahati mbaya ni jambo ambalo mwenyewe sijalielewa. Siku zote nilijiambia: ngoja nilielewe kwanza, ndipo nimwambie mtoto. Sasa mtoto amekua, anaondoka kesho, na mimi bado niko palepale.

Unakwenda kulea watoto wenye ulemavu, watoto wa kuoshwa, wa kulishwa, wa kugeuzwa kitandani. Unakwenda na jina la Riziki, somo yako. Umeniuliza mara nyingi kwa nini somo aliacha kuja hapa nyumbani. Unakumbuka ile Idi uliyokaa mlangoni na gauni lako jipya, hutaki kula mpaka afike? Tulikwambia amehamia Kiringye kulima. Ni kweli, analima. Lakini si hiyo iliyomwondoa Uvira.

Kwanza nikwambie alivyoingia katika maisha yetu, maana hii nusu unaijua, na nusu hii isipotangulia utamwona vibaya kuliko ninavyotaka. Au labda ndivyo alivyo, mbaya. Utajua wewe.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Lubarika, nilikuwa nimepata kazi ya madawati ya shule. Risasi zikalia upande wa mlimani, watu wakashika barabara ya kushuka Uvira, na sisi tukashika. Mama yako alikuwa na mimba yako. Uchungu ukamkuta katikati ya mashamba ya mahindi. Akakaa chini. Watu walikuwa wanapita na magodoro na mbuzi wao, wanatuangalia kwa huruma na wanapita. Siwalaumu, hata mimi ningepita. Mwanamke mmoja tusiyemjua, hana mtoto, hana mume, ana kifuko kidogo tu, akasimama. Akavua kitenge chake cha juu, akakitandika, akaniambia, "Baba, geuka uangalie kule, hii haikuhusu." Nikageuka nikawa ninaangalia mahindi. Ulipolia, yeye ndiye aliyekufunga kitovu, na ndiye aliyekubeba mpaka tulipofika Kavimvira, kwa sababu mama yako alikuwa hajiwezi na mimi nilikuwa nimemshikilia yeye. Tulipomuuliza jina, akasema Riziki. Basi.

Hapa Uvira akawa ndugu. Hakuwa na mtu mwingine. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kazi ya useremala kwenye kile kituo cha walemavu karibu na ziwa. Jina lake silitaji, kimekwisha kubadilisha wakubwa wake na wewe unakijua. Nilikuwa natengeneza magongo, vitanda, na viti vya watoto wasioweza kukaa wenyewe. Walipotafuta mwanamke wa kulea, nikaenda kwa Madamu, mkubwa wa kituo, nikamwambia: ninaye mtu, ana mikono mizuri. Ni maneno yangu hayo. Nilisema "ana mikono mizuri" na nilikuwa nasema kweli.

Kwa miaka hakuna mlezi aliyemfikia. Alichemsha maji ya kuogea hata siku ambazo kuni zilikuwa za kutafuta. Aliongea na watoto wasiosema kana kwamba wanamjibu, akacheka mahali pa kucheka. Kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Faida, wa kama miaka kumi na minne. Mikono na miguu yake imekakamaa, shingo haisimami vizuri, maneno hayatoki. Akisikia kandambili za somo yako zinakuja kwenye saruji, alikuwa anacheka kwa sauti mpaka anakohoa.

Faida nilimtengenezea kiti. Nakwambia bila aibu, ni kiti bora nilichowahi kutengeneza. Nilimpima mgongo, nikapiga msasa mpaka mbao ikawa kama ngozi. Kwa vile alikuwa anateleza kwenda mbele, nikaweka mkanda wa ngozi, nikaushonea kitambaa laini kwa ndani, unapita tumboni na kufungwa nyuma. Wageni walipokuja walikipiga picha. Madamu alinishika bega mbele yao. Na Faida, kwa mara ya kwanza, akaliona ziwa akiwa amekaa kama watu.

Sasa sikiliza lililofuata, na hapa ndipo ninapoanza kupotea.

Katika chumba kile walikuwa wanawake wawili, somo yako na mwenzake. Mwenzake akaolewa, akaenda zake Bujumbura. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Tuliambiwa atapatikana. Wakati huohuo ziwa lilipanda, nyumba za ufukweni zikaingiliwa na maji, na familia nyingi zilizokuwa zinalea watoto wao nyumbani zikawaleta kituoni kwa sababu hazikuwa na pa kulala. Chumba kikajaa, na mlezi alikuwa mmoja, somo yako.

Mimi nilipita pale kila siku, karakana yangu iko ng'ambo ya ua. Nilimwona Faida katika kiti chake asubuhi chini ya dirisha. Nilimwona mchana. Nilimwona jioni nikifunga mlango. Na unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilifikiri: kiti kimeshika vizuri, hakijalegea hata kidogo. Nilikuwa naangalia kiti, Riziki. Mtoto yuko ndani yake, mimi naangalia maungio ya mbao. Hata kicheko chake kilipokwisha sikugundua kimekwisha lini.

Aliyegundua ni mama yake. Mama Faida ni mkulima wa Lubarika, alikuwa anakuja kila alipopata nafasi shambani, analeta mchele na ndizi. Siku hiyo alikuja bila kutarajiwa, akasema leo nitamuogesha mwanangu mwenyewe. Baadaye nikamwona amesimama kwenye mlango wa karakana, mikono yake bado ina povu.

"Fundi," akasema, "ule mukanda wa kiti, ni weye uliutengeneza?"

Nikadhani anakuja kunishukuru. Nikasema ndiyo, mama, ni mimi.

"Kuja uone."

Nikamfuata. Faida alikuwa amelazwa ubavu, amefunikwa kanga, mama yake akafunua kidogo tu pale pa kuonekana kwa heshima. Tumboni kulikuwa na mstari mwekundu, mpana sawasawa na mkanda wangu. Kiunoni nyuma na pale anapokalia kulikuwa na vidonda, kimoja kina shimo. Ngozi ya mapajani ilikuwa imebabuka kwa mkojo. Hiyo si kazi ya siku moja, hata mimi nisiye muuguzi nilijua. Harufu yake ilinikaa puani. Mama Faida hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mutoto wangu alifanya kosa gani?"

Nilitoka nikamtafuta somo yako. Nilimkuta nyuma ya jiko anafua matambara, mlima mzima wa matambara. Nikamwambia nilichokiona. Hakukataa, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Angekataa ningekasirika, na hasira ni nyepesi kubeba.

"Baba-somo," akasema, "minye niko peke yangu. Nikimufungua Faida, anateleza. Nikimuweka chini, wale wengine banamukanyaga. Nikimulisha huyu, yule anajichafua. Nilikuwa ninasema, nitamufungua nikimaliza hii. Kisha hii haimalizike."

"Lakini alikuwa analia, hukumsikia?"

Akakamua tambara. "Mwanzo alikuwa analia. Kisha akaacha. Nikasema, basi amezoea."

Amezoea. Mwanangu, neno hilo nimeligeuza miaka yote hii. Mtu aliyesimama njiani wakati wote wanapita, yeye huyohuyo, anafika mahali anamwona mtoto amenyamaza na anasema amezoea. Nilitaka kumuuliza: wewe ni nani? Nilitaka pia kumpokea lile beseni nimsaidie kufua. Nilisimama pale kama mjinga, sikufanya hata moja.

Nilimwambia naenda kwa Madamu. Akasema, "Enda." Hakuniomba nisiende. Mama yako alipojua alilia, akaniuliza kama nimesahau nani aliyemzalisha. Sikuwa nimesahau. Nilikwenda hivyohivyo, pamoja na Mama Faida, na mpaka leo siwezi kukwambia kama miguu yangu ilikwenda kwa ajili ya Faida au kwa sababu mkanda ulikuwa wangu na niliona haya.

Madamu alitusikiliza vizuri. Akaja akaona vidonda, akashika kichwa. Kabla ya jua kuzama somo yako alikuwa amefukuzwa, ametoka na kifuko chake. Wafanyakazi tuliitwa uani tukaambiwa mtu mbaya ameondolewa, turudi kazini. Watu walipumua. Na mimi nilipumua, nikwambie kweli. Nilijiambia yamekwisha.

Kesho yake nikapita dirishani. Faida hakuwa kwenye kiti kwa sababu ya vidonda, alikuwa kitandani. Kwenye kiti changu alikuwa amefungwa mtoto mwingine. Mwanamke mpya aliyeletwa alikuwa peke yake vilevile, anakimbia huku na huku, nywele zimetoka kwenye kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na siku moja tu ya kazi, na tayari alikuwa amefika palepale alipofika somo yako.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kipumbavu. Nilichukua kisu cha karakana, nikaingia, nikamfungua yule mtoto, nikaukata mkanda vipande viwili, nikaenda nao nje. Nilijiona nimefanya haki. Faida alipopona kidogo wakamrudisha kwenye kiti, sasa hakina mkanda. Akateleza. Alianguka kwa uso kwenye saruji, mdomo ukapasuka na jino la mbele likavunjika. Kitu kilichomuumiza nilikuwa nimekiondoa, naye akaumia kwa kukosekana kwake. Unaona ninavyokwambia sielewi?

Madamu akaita mkutano. Akaja muuguzi, nikaitwa mimi, akaitwa yule mwanamke mpya, akaja Mama Faida kutoka Lubarika, na safari hii alikuja na wazazi wengine wanne au watano, wamekaa kimya kwenye benchi. Faida alilazwa kwenye godoro pembeni, mdomo umevimba. Tukaanza. Muuguzi anasema mkanda ni lazima. Mimi nasema mkanda ni mateso. Madamu anasema tutengeneze mwingine mlaini zaidi. Tulibishana mpaka Mama Faida akapiga kofi moja kwenye benchi.

"Munasema, munasema," akasema. "Muulizeni mwenyewe. Yeye njo anakaa mule."

Madamu akasema kwa upole, "Mama, Faida hasemi."

"Anasema. Ni nyinyi hamumuulize."

Akapiga magoti karibu na godoro. Akatueleza kwamba tangu utotoni Faida akiangalia juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana. Nilikuwa nimefanya kazi ua mmoja na mtoto huyu kwa miaka, nimempima mgongo kwa futi, nikajua urefu wa paja lake, na sikujua hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, isipokuwa labda mmoja, ambaye tulikuwa tumemfukuza. Hata hilo sina hakika nalo.

"Faida," mama yake akasema, "unataka mukanda?"

Macho yakaenda juu. Ndiyo. Chumba kizima kikashangaa, mimi kuliko wote.

"Ukae nao mpaka jioni?"

Akafumba, akafumba kwa nguvu, uso mzima ukakunjamana.

"Ukae nao kama mutu iko karibu na weye?"

Juu.

Mama yake akapumua. Kisha akamuuliza lile ambalo sisi wote tulikuwa tunaliogopa. "Riziki alikupiga?" Akafumba macho. Hapana. "Riziki alikuwa anakuacha?" Macho yakaenda juu, na machozi yakashuka upande wa sikio. Mama Faida akayafuta kwa kiganja. Halafu akauliza tena, taratibu: "Unataka arudi?"

Faida hakuangalia juu. Hakufumba. Aliniangalia mimi, Riziki. Aliniangalia kwa muda mrefu, mimi niliyemleta somo yako na niliyemwondoa, mpaka nikainamisha kichwa. Nimekaa na mtazamo ule miaka yote hii. Siku nyingine naona alikuwa ananiuliza kitu. Siku nyingine naona ni lawama. Siku nyingine naona alikuwa amechoka tu na maswali. Sikurudi kumuuliza, na sasa ninafikiri niliogopa jibu lolote ambalo angenipa.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, lakini yalikwenda. Wale wazazi walikataa kuondoka kwenye benchi mpaka Madamu akubali mambo yao: chumba kisiwe na mlezi mmoja, mzazi aingie siku yoyote na saa yoyote bila kuomba ruhusa, na mtoto asifungwe kitini bila mtu wa kumfungua aliye karibu naye. Madamu alinung'unika, akasema kituo hakina uwezo, kisha uwezo ukapatikana nusu. Nusu nyingine wazazi wenyewe walikuja kwa zamu kusaidia. Nilitengeneza mkanda mpya unaofungwa mbele, kwa mvuto mmoja tu, hata mtoto mdogo anayepita aweze kuufungua. Vidonda vya Faida vilikauka, kile chenye shimo kilichelewa sana. Kicheko kilirudi, lakini si kile cha zamani cha kukohoa. Sasa ni mwanamke mkubwa, unamjua, ndiye yule uliyekwenda kumuaga jana, akaangalia juu ukadhani anaangalia dari.

Somo yako hakurudi. Hakuna aliyemshitaki, na Mama Faida hakutaka mambo ya polisi. Alisema anataka mwanawe apone, basi. Sijui kama alifanya vizuri. Wapo wanaosema angefungwa. Wapo wanaosema Madamu ndiye angefungwa, aliyemwacha peke yake akijua. Mama yako anasema sisi sote tuliokuwa tunapita dirishani tungefungwa, kisha hasemi zaidi. Mimi nikimfikiria Faida, naona somo yako alistahili zaidi ya kufukuzwa. Nikikuangalia wewe ukipita hapa uani, naona tulimdhulumu. Mambo haya mawili hayakai pamoja kichwani mwangu na hakuna linalotaka kutoka.

Basi usiniulize utafanyaje kazi yako. Najua tu vitu vidogo vilivyobaki mkononi baada ya vyote. Mtoto akinyamaza, usifurahi haraka. Mtu mwenye mikono mizuri naye aangaliwe, hata akiwa ni ndugu, hata akiwa ni wewe. Hasa akiwa ni wewe, maana nimekwisha kukuona ukiwa umechoka, na unafanana naye: unauma meno na kuendelea. Na kabla hujapanga lolote juu ya mtu, piga magoti umuulize, hata kama wote wanakwambia hasemi.

Sasa kilichonifanya nikae na kalamu leo badala ya kungoja mwaka mwingine.

Juzi simu ililia, namba siijui. Nikasema halo, nikasikia watu wa sokoni nyuma, kisha sauti: "Baba-somo, ni minye." Sikuwa nimeisikia tangu atoke na kifuko chake. Ameambiwa na mtu wa Uvira kwamba unapanda Lemera, na kwamba unakwenda kufanya kazi ileile. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Akauliza, "Faida, kile kidonda kilipona?"

Nikamwambia kilipona, kiliacha kovu.

"Kubwa?"

Nikasema, "Kubwa."

Nilimsikia anapumua. Nilingoja aseme nisamehe, au aseme haikuwa kosa lake. Ningejua la kujibu. Akasema, "Gari ya Lemera inasimama hapa Kiringye, batu banauza ndizi. Nitakuwa pale asubuhi ya safari yake. Ninataka kumuona tu. Kama hautaki, sema." Sikusema nataka wala sitaki. Nilisema nitakwambia wewe, na sasa nimekwambia.

Kabla ya simu kukatika akasema neno moja la mwisho. Nimeliandika kama alivyolisema, sikuongeza wala kupunguza, kwa sababu sijui kama ni nasaha au ni kujitetea: "Umwambie somo yangu, siku atakuwa amechoka, aseme kwa nguvu, hata bamufukuze. Minye nilichoka, sikusema. Nikamuachia mutoto ule uchovu."

Gari litakaposimama, wauza ndizi watakuja madirishani. Katikati yao atakuwepo mwanamke mfupi, mtu mzima sasa, hana ndizi. Ukitaka, shuka. Usipotaka, hakuna atakayekulaumu, na dereva hatakaa sana. Ukishuka, sijui umkumbatie au umuulize. Labda anza kwa kumsalimia kwa jina lake, uone kitakachotoka kinywani mwako. Kisha ukifika uniandikie, maana mimi ningependa kujua.

Baba yako anayekupenda, fundi wa viti